Kofia mezani: tunalinda dini au tunalinda desturi?

KUNA suala moja ambalo kwa wiki kadhaa limekuwa likizungumzwa katika baraza zetu hapa Arusha, kuanzia Bondeni mpaka Ngarenaro, na kwa bahati mbaya linazungumzwa kwa jazba zaidi kuliko kwa elimu. Mzee mmoja wa Kiislamu, mtu anayeheshimika mtaani kwake, alialikwa kwenye semina. Ilipofika jioni washiriki wakapelekwa kula chakula cha usiku katika hoteli moja ya kitalii. Mzee alikuwa amevaa kanzu, koti na baraghashia yake. Kabla hajavuta kiti, mhudumu akamsogelea na kumwambia kwa sauti ya chini, "Samahani mzee wangu, utaratibu wetu humu ndani wanaume wanavua kofia." Mzee akaivua, akaipakata, akala vijiko viwili vitatu, kisha akaaga.

Habari hiyo ilipofika msikitini iliwagawa watu. Wapo waliosema kuwa mzee alipaswa kukataa na kutoka pale pale, kwa sababu kofia ni vazi la Kiislamu na anayekuvua kofia anakuvua Uislamu wako. Wapo waliosema kuwa kofia ni kitambaa tu, mgeni hufuata desturi ya mwenyeji, na kwamba sisi Waislamu tumezidi kulalamika. Vijana wawili watatu wakataka iandikwe barua kwa Mkuu wa Mkoa. Nilipoulizwa katika darsa baada ya Magharibi nilijibu kwa kifupi, lakini niliona wazi kuwa jibu la dakika tano halikumtosheleza mtu, na kwamba ndani ya swali hili dogo limejificha swali kubwa: ni kitu gani hasa katika maisha yetu ambacho ni dini, na ni kipi ambacho ni mazoea tuliyoyakuta kwa wazee wetu tukayapenda?

Kwa maoni yangu makundi yote mawili yameshika nusu ya jambo.

Tuanze na utaratibu wenyewe wa kuvua kofia mezani. Haukuzaliwa Arusha, na wala haukuzaliwa kwa ajili ya kuwaudhi Waislamu. Ni desturi ya Ulaya. Huko mwanamume anapoingia nyumbani kwa mtu, kanisani, mahakamani, au anapokaa kula, huvua kofia; mwanamke haambiwi kitu. Kwa Mzungu kofia ni vazi la nje, sawa na koti la mvua. Imetengenezwa kwa ajili ya jua, mvua na baridi, na anayeendelea kuivaa akiwa ndani ni kama anamwambia mwenyeji wake kuwa hana nia ya kukaa. Desturi hiyo imesafiri na Wazungu kila walikokwenda. Katika meli nyingi kubwa za kitalii, za aina ile ambayo hutia nanga Mombasa na Zanzibar, abiria wa kiume huombwa waache kapelo zao vyumbani wanapokwenda kwenye ukumbi rasmi wa chakula cha usiku. Hoteli zetu za kitalii zimeipokea kanuni hiyo pamoja na uma, kisu na kitambaa cha mapajani, na vijana wetu wanafundishwa vyuoni kuwa huo ndio ustaarabu wa mezani.

Sasa chukua baraghashia. Kwetu sisi hilo si vazi la nje. Linakwenda na kanzu, na linavaliwa ndani hasa: msikitini, kwenye nikahi, kwenye maulidi, msibani, na kwenye mkeka watu wanapolizunguka sinia. Kule Pwani, na hata hapa bara penye jamii za Kiislamu za zamani, mzee akikaa kwenye walima kichwa wazi watu watamwangalia kama waangaliavyo mtu aliyesahau kufunga vifungo vya shati. Kwa hiyo mhudumu alipoiona ile baraghashia aliona kofia, na katika daftari lake kofia ni kofia. Alichomwomba mzee, kwa lugha ya Ulaya, ni kumheshimu mwenyeji. Alichokisikia mzee, kwa lugha ya kwao, ni kuambiwa avuliwe heshima mbele ya watu. Tendo ni moja na maana zake ni mbili, kama vile neno moja linavyoweza kuwa salamu kwa kabila hili na tusi kwa kabila lile.

Na mji wetu ndio mahali pa kukutana kwa lugha hizo. Toka mwaka 1995 mpaka mwaka 2015 ulikaa hapa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, ikaleta majaji na mawakili wa kila bara. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini hapa hapa mwaka 1999. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilihamia mwaka 2007. Ongeza watalii wanaopita kwenda Ngorongoro na Serengeti, na Waarusha, Wameru, Wasomali, Waarabu na Wahindi ambao ndio wenyeji. Katika mji wa namna hii huwezi kudhani kuwa kila mtu anasoma ishara moja kwa maana moja. Mtoto wa Kiarusha au wa Kimasai humwinamishia mzee kichwa ili amguse utosini. Hiyo ndiyo shikamoo yake. Kofia hapo ni kizuizi tu.

Jambo hili la ishara kubadilika wanachuoni wetu walilijua zamani sana, na hapa nawaomba wale ndugu wa kundi la kwanza wanisikilize. Imamu Abu Ishaq al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, alipokuwa anaeleza katika kitabu chake cha al-Muwafaqat jinsi desturi zinavyotofautiana, alitoa mfano huu huu wa kichwa wazi. Alieleza kuwa katika nchi za mashariki mtu mwenye hadhi kuacha kichwa wazi ni aibu, na inaweza hata kumtia dosari anapotaka ushahidi wake ukubaliwe, ilhali katika nchi za magharibi, yaani Andalusia na jirani zake, si aibu. Hukumu ikafuata desturi ya mahali. Huyu hakuwa mtu wa kuchekea uzushi, maana ndiye aliyeandika al-I'tisam dhidi ya bida'a. Lakini alijua mpaka kati ya bida'a na desturi. Katika misingi mikubwa mitano ya fiqhi upo ule unaosema kuwa ada huzingatiwa katika kutoa hukumu, na suala la kofia liko hapo.

Anayetaka hoja iliyo karibu zaidi na amtazame Hujaji. Mwanamume akishahirimia, ni haramu kwake kufunika kichwa kwa kofia au kilemba. Akifanya hivyo makusudi analazimika kutoa fidia. Mamilioni ya waumini wanakula chakula chao Mina wakiwa vichwa wazi, wafalme na wabeba mizigo, katika ibada ambayo ni nguzo ya Uislamu. Kama kichwa wazi kingekuwa ni kuvua Uislamu, je, Mwenyezi Mungu (S.W.) angetuamrisha tuende mbele ya Nyumba yake katika hali hiyo?

Na upande wa pili wa hoja hiyo hiyo ni kwamba Mtume (S.A.W.) alivaa kilemba, imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa aliingia Makka siku ya Ufunguzi akiwa na kilemba cheusi. Kwa hiyo anayefunika kichwa kwa kumpenda Mtume ana lake la kutegemea, na hapaswi kuambiwa kuwa amevaa kitambaa tu. Hapo ndipo kundi la pili linapokosea. Kitu kinaweza kisiwe faradhi na bado kikawa na thamani. Pete ya ndoa ya jirani yako Mkristo haimo katika amri kumi, lakini wewe hutathubutu kumwambia aivue kwa sababu ni kipande cha chuma.

Ama kuhusu kula hasa, adabu zilizopokewa zinajulikana na hata watoto wa madrasa wanazihesabu: kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, kula cha mbele yako, kutoegemea, kutokitia ila chakula. Adabu tatu za mwanzo Mtume (S.A.W.) alimfundisha kijana Umar bin Abi Salama, ambaye mkono wake ulikuwa unazunguka ndani ya sahani. Alimfundisha mkono, habari ya kichwa haikutajwa. Swali la kula kichwa wazi liliwahi pia kuulizwa na kujibiwa katika vitabu vya Kihanafi, na jibu lililochaguliwa humo ni kwamba hakuna ubaya. Tusijifanye basi kuwa sisi ndio wa kwanza kusumbuliwa na jambo hili.

Hoja nyingine iliyotolewa barazani ni ile ya kujifananisha. Imepokewa kwa Abu Daud kuwa anayejifananisha na watu huhesabiwa ni miongoni mwao, na ndugu mmoja akasema mzee alipovua kofia alijifananisha na makafiri. Hadithi hiyo ni nzito na haifai kuchezewa. Lakini kuna kisa kilichotokea Afrika yetu hii ambacho kinafaa kutuongoza. Mwaka 1903 Waislamu wa Transvaal, Afrika ya Kusini, walimpelekea Mufti wa Misri, Sheikh Muhammad Abduh, maswali matatu. La kwanza lilikuwa hili: baadhi ya Waislamu huko wanavaa kofia za Kizungu ili mambo yao yawaendee, je, inajuzu? Abduh alijibu kuwa kama mvaaji hakusudii kutoka katika Uislamu na kuingia dini nyingine, hakufuru. Na kama anavaa kwa haja, kama kujikinga na jua au kuepuka madhara au kurahisisha maslahi, basi si makuruhu hata. Magazeti ya Cairo yalimshambulia vikali, naye Rashid Rida akamtetea katika al-Manar. Mtu anaweza kutokubaliana na Abduh katika mengi, lakini hapa alishika jambo ambalo wengi tunalipita: aliuliza nia, akauliza haja, akaangalia kama kitendo ni alama ya dini ya watu wale au ni mazoea yao ya kawaida tu.

Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ambaye alikuwa msomaji wa al-Manar, aliligusa suala la kuiga kutoka upande mwingine. Katika gazeti lake dogo la Sahifa, alilolianzisha mwaka 1930, aliwakemea Waislamu wa Pwani kwa kuiga Wazungu katika mavazi na starehe huku wakiacha kuwaiga katika elimu na bidii ya kazi. Hiyo ndiyo lawama inayotuhusu. Kuiga kunakoumiza si kule kwa kuweka kofia mapajani nusu saa.

Hata hivyo, kuvua mwenyewe na kuvuliwa ni mambo mawili. Tarehe 25 Novemba 1925 Uturuki ilipitisha sheria ya kofia, tarbushi ikapigwa marufuku na kofia ya Kizungu ikawa ya lazima kwa wabunge na watumishi wa serikali. Mwanachuoni İskilipli Âtıf, aliyekuwa ameandika kijitabu cha kupinga kofia hiyo mwaka 1924, kabla sheria haijakuwepo, alinyongwa mwezi Februari 1926. Kwa jirani zetu wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, moja ya manung'uniko ya Waafrika kabla ya uasi wa John Chilembwe wa mwaka 1915 lilikuwa ni kulazimishwa kuvua kofia mbele ya kila Mzungu waliyepishana naye. Pale kofia ilikuwa ni nguo ya kawaida kabisa, wala waliovuliwa hawakuwa Waislamu. Waliumia kwa sababu walijua maana ya tendo lile: wewe ni mdogo, na nataka uonyeshe kuwa ni mdogo. Mwafrika anapoambiwa hii leo na hoteli iliyojengwa juu ya ardhi ya babu zake "vua kofia", inawezekana mhudumu hana nia yoyote mbaya, lakini mwangwi wa zamani upo, na si haki kumcheka mzee aliyeusikia.

Sasa tulipime lile tukio. Mzee alifanya kosa la kidini kwa kuivua? Hapana. Hakuacha faradhi, na aliepusha fedheha kwa waliomwalika. Hoteli ilikuwa na haki ya kumwambia? Hapa nasema pia hapana, na nitaeleza. Hoteli ni biashara, na biashara inaruhusiwa kuweka utaratibu wa mavazi. Lakini nauliza: kama aliyeingia jioni ile angekuwa Singasinga na kilemba chake, mhudumu angemwambia akifungue? Bila shaka asingethubutu. Anajua, au amefundishwa, kuwa kilemba kile si kofia ya jua. Katika mahekalu ya Masingasinga mambo ni kinyume kabisa cha hoteli: anayeingia, awe wa dini yao au mgeni, lazima afunike kichwa, na ndivyo anavyokaa kula kile chakula kinachotolewa bure kwa kila mtu. Myahudi mshika dini naye hula na kijikofia chake. Basi utaratibu unaojua kumbagua Singasinga kwa wema unaweza pia kumbagua mzee wa baraghashia kwa wema. Hatuhitaji kudai kwa uongo kuwa kofia kwetu ni faradhi kama kilemba kilivyo kwa Singasinga. Inatosha kusema ukweli, kwamba ni vazi la heshima la ndani, kama tai yao.

Kuhusu barua kwa Mkuu wa Mkoa, sioni haja. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa kuabudu, lakini ukiibeba ibara nzito namna ile kwa ajili ya kofia, siku utakapoihitaji kwa ajili ya hijabu ya binti yako watu watakuwa wameshachoka kukusikiliza. Na hijabu, ieleweke vizuri, haimo katika mjadala huu. Ile ni faradhi kwa mwanamke, haibadiliki kwa desturi ya Ulaya wala ya Pwani, na meneja anayetaka kuifunga chini ya kanuni moja ya "hakuna vifuniko vya kichwa" anatakiwa kukataliwa kwa adabu na kwa uthabiti. Watu wanaochanganya kofia ya mwanamume na hijabu ya mwanamke katika kapu moja, wawe hotelini au msikitini, wanaidhoofisha hijabu. Kuzungumza na meneja kungetosha kabisa. Na aliyemwalika mzee ndiye aliyetakiwa kuzungumza, kabla ya mzee kufika.

Lipo jambo gumu zaidi ya hili la hotelini, nalo halikuulizwa. Wengi wetu tuna majirani na wakwe Wameru, watu wa Poli, Akheri na Usa River, Walutheri wa miaka mingi, wakarimu mno. Wanakualika chakula. Wazee wao nao wana kofia zao za pama, na chakula kinapotengwa mwenye nyumba husema "tuombe", kofia zote zinavuliwa, sala inasomwa. Wewe na baraghashia yako unafanyaje? Hapa kuvua si desturi ya meza tena. Kumeunganishwa na ibada ambayo wewe huishiriki. Ushauri wangu kwa wanafunzi umekuwa huu: kama unaona kuwa nyumba ile huheshimiwa kwa kichwa wazi, vua pale mlangoni unapoingia, kama unavyovua viatu, na hapo itakuwa ni heshima kwa nyumba. Ukiingia nayo kichwani, basi kaa kimya kwa utulivu wakati wa sala yao, usiivue kwa neno "tuombe", kisha sema Bismillahi yako na ule. Sijapata kusikia mwenyeji wa Kimeru aliyechukizwa na hilo. Wanaochukizwa aghalabu ni sisi kwa niaba yao.

Na atakayedhani kuwa kanuni ya Kizungu ni chuma kisichopinda, na apande Mlima Meru. Njia ni moja, kutoka lango la Momella, unalala Miriakamba, kisha Saddle Hut, penye urefu wa kama mita 3,500, na kileleni ni mita 4,566. Jioni katika chumba cha kulia cha Saddle Hut wageni wale wale ambao mjini wangevua kofia wanakula supu wakiwa wamevaa mizula mpaka masikioni. Hakuna anayemwambia mwenzake kuwa amekosa ustaarabu, maana baridi imeshatoa fatwa.

Lakini hapo hapo mlimani kuna kitu ambacho wenye kugombania kofia hawakioni. Waliobeba ile supu, lile jiko na zile kuni za mazungumzo yote, yaani wagumu, hawamo katika chumba kile. Wanakula kwao, baada ya wageni, na si mara zote kwa kushiba. Miongoni mwa waajiri wao wapo Waislamu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alielekeza kwamba mtumishi wako akikuletea chakula, kama hukumkalisha pamoja nawe basi umpe tonge moja au mawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyevumilia moto na matayarisho yake. Hiyo ni adabu ya mezani iliyotajwa kwa jina lake, na mwenye kampuni ya utalii anayeswali safu ya mbele ajiulize ameitekeleza wapi.

Aya wanayoipenda watetezi wa kofia ni ya 31 ya Surat al-A'raf, pale wanadamu wanapoamrishwa kuchukua mapambo yao kila wanapokwenda kuswali. Ni dalili nzuri ya kujipamba. Lakini aya haikuishia hapo. Inaendelea na kuamrisha kula na kunywa, kisha inakataza israfu. Mavazi na chakula vimewekwa katika aya moja. Nimewaona kwa macho yangu watu wenye baraghashia safi kwenye bufee za semina wakipakua vyakula vya watu watatu na kuacha nusu sahani, na sikusikia barazani mtu akisema kuwa wameuvua Uislamu. Na kuna zaidi. Imepokewa kwa Tirmidhi kuwa anayemwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho asikae kwenye meza inayozungushwa pombe. Nimeuliza kuhusu meza ya yule mzee. Chupa zilikuwepo. Waliomzunguka mzee, Waislamu wakiwemo, walikasirikia kofia.

Baada ya darsa ile alinijia kijana mmoja, niliyemsomesha Elimu ya Dini ya Kiislamu sekondari, ambaye sasa ni mhudumu katika hoteli nyingine. Yeye naye aliambiwa tangu siku ya kwanza kuwa kofia yake aiache getini, na kwa miaka miwili amekuwa akiikunja na kuitia mfukoni kila asubuhi huku roho ikimuuma. Akataka kujua kama anapata dhambi. Nikamwambia hapana, kazi ina sare yake, avae kofia akitoka na moyo wake utulie. Kisha nikamuuliza anahudumia nini. Akanyamaza. Nikamuuliza tena. Akasema, "Ustadhi, kila kitu. Bia, mvinyo, wanachoagiza wageni."

Hili halina uhusiano wowote na al-Shatibi wala desturi za mashariki na magharibi. Hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas imewataja watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya pombe, na mwenye kuibeba na mwenye kuinywesha wamo. Kijana anao mama na wadogo zake wawili Unga Limited ambao wanakula kwa mshahara ule, na mimi si mtu wa kukaa msikitini na kumwambia mwenzangu aache kazi kesho asubuhi kama kwamba kazi zinaokotwa njiani. Nilimwambia aombe kuhamishiwa jikoni, au mapokezi, au bustanini, hata kama ni kwa mshahara wa chini, na wakati huo huo atafute kwingine, na kwamba wale tuliokuwa tayari kuandika barua kwa Mkuu wa Mkoa kwa ajili ya kofia tuna wajibu wa kumsaidia kutafuta. Nimewatajia suala lake wafanyabiashara watatu wa Kiislamu wa hapa mjini. Mmoja amesema atafikiria. Kijana ameshapeleka ombi lake kwa meneja, na hadi naandika makala haya hajajibiwa.